Giza la Kibirizi na mwanzo wa ulimwengu

Usiku ambao mwezi haupo, nenda ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, utazame Ziwa Tanganyika. Taa za wavuvi wa dagaa walio karibu utazihesabu moja moja, na kati ya mtumbwi na mtumbwi kuna weusi mpana. Peleka macho mbali zaidi, kuelekea Kongo. Kule taa zimesongamana hadi zimekuwa mstari mmoja wa mwanga.

Nafundisha fizikia hapa Kigoma, na nikiulizwa kama ulimwengu ulianza au umekuwepo siku zote, huanzia kwenye mstari ule. Kama anga halina kikomo na nyota zimewaka tangu milele, nazo zingesongamana kama taa zile: popote utakapoelekeza jicho lingegota kwenye nyota. Usiku ungeng'aa kote kama uso wa jua. Mbona ni giza? Jibu kubwa ni kwamba nyota hazijawaka milele, na mwanga wa zile za mbali mno bado uko njiani.

Giza peke yake halikumaliza ubishi. Mwaka 1948 mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle na wenzake walisema ulimwengu unapanuka ila hauna mwanzo, na maada mpya huzaliwa kidogo kidogo kujaza nafasi. Giza walilimudu, kwa kuwa kupanuka hufifisha mwanga. Nayaheshimu mawazo yale, maana yalikubali kupimwa.

Kilichowashinda ni joto. Mwaka 1965, huko Marekani, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba antena yao inanasa mawimbi hafifu kutoka kila upande wa anga, usiku na mchana. Walikuwa wamesafisha hadi kinyesi cha njiwa ndani yake, mawimbi yakabaki palepale. Asubuhi weka kiganja juu ya majivu ya jiko la mkaa: moto huuoni, lakini unajua jana palipikwa. Mawimbi yale ndiyo joto la anga: sasa ni nyuzi 270 hivi chini ya sifuri, masalia ya wakati ulimwengu wote ulipokuwa moto na umeshonana, miaka bilioni 13.8 iliyopita.

Kabla ya hapo? Ukirudi nyuma zaidi, hesabu za Einstein hutoa msongamano usio na kikomo, yaani zenyewe zimefika ukingoni. Kwa hiyo anayesema sayansi imethibitisha kwamba hapakuwa na kitu, amevuka ushahidi. Ila anayesema ulimwengu umekuwa hivi hivi milele, anieleze kwanza joto lile limetoka jiko gani.