Mtoto amekunywa mafuta ya taa: usimtapishe

Kila mara tunaletewa hapa kituo cha afya mtoto wa mwaka mmoja au miwili, shati limelowa maziwa, ameshatapishwa mara tatu, anahema mbiombio. Mafuta aliyokunywa pengine hayakujaza hata kijiko. Kilichomzidishia ni yale aliyofanyiwa nyumbani.

Swali: Mafuta ya taa si sumu ya tumboni?

Jibu: Hatari yake kubwa iko mapafuni. Yakitulia tumboni, ni kidogo tu yanayoingia kwenye damu. Yakipita njia ya hewa, hata mililita 1 yaweza kuunguza mapafu.

Swali: Yanafikaje huko wakati ameyameza?

Jibu: Tazama kibatari. Utambi umegusa mafuta kwa chini, lakini yanapanda yenyewe hadi juu. Mnato wake, yaani uzito wake yanapotiririka, ni mdogo, zaidi ya mara 20 chini ya ule wa mafuta ya kupikia, na mvutano wa uso wake, yaani nguvu inayolishika tone lisisambae, ni kama theluthi ya ule wa maji. Tone la maji juu ya jani la mgomba hujikunja kama ushanga. Tone la mafuta ya taa hutambaa. Yakimpalia mtoto, hutambaa vivyo hivyo hadi kwenye vifuko vya hewa na kuharibu utando unaovizuia visinywee.

Swali: Basi si heri ayatapike yaishe?

Jibu: Hapana. Akitapika, mafuta yanapita kooni mara ya pili, na hapo ndipo yanapoingia kwenye njia ya hewa. Usimtie kidole kooni. Usimpe maji ya chumvi.

Swali: Na maziwa? Wazee wanasema yanakata sumu.

Jibu: Hayakati. Maziwa, mafuta ya kula, mayai mabichi, maji ya dafu: vyote vinajaza tumbo, na tumbo lililojaa linatapika. Tumerudi kulekule. Usimtapishe, na usimpe kitu cha kumtapisha.

Swali: Nifanye nini?

Jibu: Mtoe penye harufu. Mvue nguo zilizolowa, kwa sababu zinaendelea kutoa mvuke anaouvuta na zinaunguza ngozi. Mwoshe kwa maji na sabuni, mbali na jiko na moto. Akiwa amelegea, mlaze ubavu. Beba chupa yenyewe, ikiwa imefungwa, uje nayo kituoni. Sasa hivi, si baada ya kumaliza kupika.

Swali: Anacheza vizuri. Siwezi kungoja nione?

Jibu: Usingoje nyumbani. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, ndiyo maana tunamwangalia kituoni kwa saa 6 au zaidi hata akiwa anacheka. Kukohoa au kupaliwa wakati wa kunywa ni ishara kwamba huenda mafuta yameshaingia mapafuni. Njiani hesabu pumzi kwa dakika nzima: 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, au 50 na zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, ni nyingi mno. Kifua kubonyea anapovuta hewa, midomo kuwa ya bluu au usingizi usio wa kawaida: hapo anahitaji oksijeni.

Swali: Nilimpa amoksilini ya dukani.

Jibu: Mapafu yameunguzwa na kemikali, si bakteria. Dawa hiyo haizuii chochote, ila imekupotezea saa ambazo ungekuwa umeshafika.

Swali: Vijana wanaonyonya petroli kwa mpira je?

Jibu: Ni hatari ileile, tena petroli ni nyepesi zaidi na hugeuka mvuke upesi hata bila joto la jiko. Tumia pampu ya mkono. Aliyepaliwa naye asijitapishe, asinywe maziwa, aje hospitali.

Swali: Tuyahifadhi wapi?

Jibu: Kwenye galoni lenye kifuniko kinachokaza, juu, ndani ya kabati lenye kufuli. Si kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu anajua chupa ile ni ya nini.