Projekta ya Jua: Haina Umeme, Ina Moto

Msimu wa maonesho ya sayansi ukifika, sisi wa zimamoto huulizwa swali lile lile: projekta ya jua, yaani kifaa kinachotumia lenzi na mwanga wa jua kutupa picha kubwa ukutani, haichomekwi kwenye umeme, sasa itaunguzaje nyumba?

Wazo lenyewe si geni. Karne ya 18 huko Ulaya walikuwa na darubini ya jua: kioo cha kuakisi kilichowekwa dirishani kiliingiza miale kwenye chumba cha giza, ikapita kwenye lenzi, picha ya kiroboto ikajaa ukutani. Vijana wetu leo wanabandua lenzi ya Fresnel, ile bapa yenye mistari ya duara, kwenye runinga kubwa za zamani, na picha wanaitoa kwenye kioo cha simu.

Sasa hesabu. Jua kali la saa sita hushusha takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, yaani pasi iliyowashwa. Lenzi inayokutanisha miale umbali wa mita 1 hulibana jua kwenye doa la milimita 9 hivi. Karibu nusu ya nguvu hiyo hata haionekani kwa macho, ni joto tupu. Kioo hicho cha simu mnachokiweka kwenye miale ili kitoe picha huharibika kabla hamjaiona.

Na jua halitulii. Kila dakika 4 husogea digrii 1, kwa hiyo doa hilo huhama upana wake mzima kwa dakika 2. Mwalimu mmoja alinionesha meza yake: mstari mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu, ukielekea ukingoni, kwenye pazia. Alikuwa ametoka kunywa chai.

Miwani ya jua haikingi macho. Narudia, haikingi. Retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, huungua bila maumivu.

Utaratibu ni huu: lenzi ifunikwe kwanza, kioo cha kuakisi kielekezwe juani, mfuniko utolewe mwisho, na mtu mzima asibanduke hapo. Moto ukitokea, funika lenzi, toa watu, piga 114, namba ya zimamoto Tanzania. Taja mkoa, wilaya, mtaa na alama iliyo jirani, kama msikiti, kanisa au kituo cha daladala. Sema kinachoungua na kama kuna mtu ndani. Usikate simu mpaka uambiwe. Kupiga simu ya uongo ni kosa kisheria, na "nilikuwa najaribu tu" si utetezi.

Baada ya kazi, lenzi ivikwe kitambaa kizito na kufungiwa kwenye boksi. Si dirishani, wala uani ikiegemea ukuta, kama tulivyoikuta sehemu moja, kando ya mkaa.