Wazee na baridi ya Nyanda za Juu Kusini: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Ikifika Juni, nyasi za Kitulo huamka nyeupe kwa sakitu, na kule Mufindi ukungu unaweza kukalia mashamba ya chai hadi mchana. Mbeya mjini jua huwaka vizuri, ila likishazama kila mtu anatafuta sweta. Huu ndio msimu ambao wazee wetu huugua zaidi, wawe kwenye makao ya kulelea wazee au nyumbani na wajukuu. Ndio pia msimu ambao sisi tunaowalea, kwa upendo kabisa, tunafanya mambo ya kuwaumiza: tunafunga madirisha, tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunamlaza mzee kutwa chini ya mablanketi, tunazuia wageni. Nimefanya kazi na wazee huku kwa miaka mingi, na maneno yafuatayo nayasikia kila kipupwe kinapoingia.

Kwanza lile la ndugu walioko Dar es Salaam: "Tanzania hakuna baridi ya kumdhuru mtu." Ipo. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Mbeya iko kwenye mita 1,700 na ushee, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo unafika 2,600 hivi. Ongeza na miezi ya Juni hadi Agosti, jua likiwa limeelekea upande wa kaskazini mwa dunia, utaelewa kwa nini alfajiri ya Makete, mkoani Njombe, haifanani kabisa na ya Kigamboni.

Wala haihitajiki theluji ili mtu adhurike. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, moyo na ubongo huanza kushindwa kazi, na hilo linaweza kumpata mzee akiwa kitandani kwake, ndani ya nyumba. Kijana akipigwa na baridi misuli yake hutetemeka na kuzalisha joto. Mzee misuli imepungua, mafuta chini ya ngozi yamepungua, na hata hisia zake za baridi zimefifia, hivyo anaweza kuwa amepoa vibaya na akakwambia, "Niko salama, mwanangu." Usitegemee jibu lake peke yake. Mguse tumboni, chini ya nguo. Kama tumbo ni la baridi, maneno yanamtoka kwa uzito, anasinzia kupita kawaida, au alikuwa anatetemeka na sasa ameacha ingawa hajapata joto, hiyo ni dharura. Mvue nguo zenye unyevu, mfunike kifua, tumbo na kichwa, mpe kinywaji cha vuguvugu chenye sukari kama yuko macho na anameza vizuri, kisha tafuta usafiri wa hospitali. Usimsugue mikono na miguu, wala usimsogeze karibu na moto ili apate joto haraka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba iwe na joto lisilopungua nyuzi 18 wakati wa baridi. Vyumba vingi vya huku, bati juu na hakuna dari, havifiki hapo alfajiri. Kama kuna fedha kidogo ya kukarabati makao ya wazee, ningeanza na dari kabla ya kupaka rangi ukuta wa mbele.

Sasa jiko la mkaa, na hapa sitapita haraka, kwa sababu ndilo linaloua watu kwa usiku mmoja. Watu husema: "Likishawaka likawa jekundu, moshi umeisha, unaweza kuliingiza." Moshi unaouona umeisha, ni kweli. Lakini mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haikereketi kooni. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inaendelea kuzunguka huku mwili ukikosa pumzi. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, miguu inalegea, anasinzia, na wengi hawaamki tena. Kwa mzee hatari ni mara mbili, kwa sababu akianza kuchanganyikiwa wanaomzunguka husema ni uzee.

Wengine huweka sufuria ya maji juu ya jiko wakiamini maji yatanyonya sumu. Hayanyonyi. Wengine huacha dirisha wazi upana wa vidole viwili, na hilo nalo halitoshi. Jiko la mkaa lisilale chumba kimoja na mtu, hata likiwa limebaki majivu yenye makaa machache chini.

Tufanye nini basi? Baadhi ya nyumba za zamani za misheni zina sehemu ya moto yenye dohani inayotoa moshi na hewa mbaya nje. Kama makao yana chumba cha namna hiyo na dohani yake ni safi, wazee wote wakae humo jioni, wale humo, wapige soga humo, kisha waende kulala vyumba visivyo na moto lakini vyenye matandiko makavu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga hupasha kitanda vizuri. Iweke kabla mzee hajalala, na uitoe anapopanda. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni anaweza kuungua nayo usiku kucha bila kujua. Na nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine zinatunza joto kuliko koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayokinga. Sweta na soksi za mitumba kutoka soko la Mwanjelwa, Mbeya, zinafanya kazi hiyo barabara.

Lipo na lile la pombe: babu apewe komoni kidogo imchemshe damu. Ulanzi, pombe ya mianzi, ni wa masika, ila komoni, pombe ya nafaka, haikosekani Julai. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, damu yenye joto inakimbilia juu, uso unapata moto, na joto la ndani linapotea. Akitoka kwenda chooni usiku akiwa katika hali hiyo, na kuanguka pia anaweza kuanguka.

"Baridi ndiyo inaleta mafua na nimonia, kwa hiyo madirisha yafungwe na wageni wasije." Kuna chembe ya ukweli hapa, na ndiyo inayotupotosha. Mafua huletwa na virusi. Hewa ya baridi na kavu huvisaidia virusi kudumu, na baridi yenyewe hutufanya tujazane kwenye chumba kimoja kilichofungwa, tukipumuliana. Kumi wakikaa kwenye ukumbi usiopitisha hewa, kikohozi cha mmoja kitawafikia wote. Dawa yake ni kufungua madirisha kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, jua likiwa kali, wazee wakiwa wametolewa nje upande usio na upepo. Anayewaletea virusi mara nyingi ni sisi wahudumu, tunaopanda daladala asubuhi na kuingia moja kwa moja jikoni. Mhudumu mwenye mafua apumzike nyumbani. Asipopata wa kumshikia zamu, avae barakoa na anawe mikono kwa sabuni kila anapotoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine. Na amoksilini haiui kirusi cha mafua, hata mzee akiimeza wiki nzima.

Wageni je? Mwenye kikohozi asubiri apone. Wengine wote waje, na waje hasa wakati huu. Upweke si huzuni tu. Umehusishwa na kiharusi, magonjwa ya moyo na kupoteza kumbukumbu, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa suala la kupewa kipaumbele katika afya ya umma duniani. Mzee aliyefungiwa chumbani Juni hadi Agosti kwa nia ya kumlinda hutoka Septemba akiwa hatembei vizuri na haongei sana. Nimeona bibi ambaye wahudumu walidhani amenyamaza kabisa, akaja kijana kutoka shule ya jirani akamwamkia "Kamwene", naye akaitikia na kuanza kuuliza habari za ukoo wa yule kijana. Wazee wanaopoteza kumbukumbu mara nyingi hubaki na lugha ya utotoni, Kihehe, Kikinga au Kinyakyusa, wakati Kiswahili kimeshawatoka. Makao yenye mhudumu anayeijua lugha ya mzee yana tiba isiyouzwa duka lolote la dawa.

Kuna jambo ningependa kila mlezi alijue, hata akisahau mengine yote. Watu husema: "Hana homa, kwa hiyo si nimonia." Mzee anaweza kuwa na nimonia kali bila joto kupanda. Dalili ya kwanza yaweza kuwa ni kuchanganyikiwa ghafla: jana alijua jina lako, leo anamwita marehemu mumewe na kukataa uji. Hapo familia nyingi husema uzee umezidi, na wengine, Mungu atusamehe, hutafuta mchawi. Uzee hauji kwa siku mbili. Mabadiliko ya ghafla ya akili ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo: nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari kushuka, au ile hewa ya mkaa. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 25 au zaidi akiwa ametulia, usimsubirie asubuhi. Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi hulegeza pua iliyoziba, hilo sipingi, ila hakutibu mapafu, na sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi na mzee anayetetemeka mikono linaunguza watu.

Kikohozi nacho tumezoea kukisingizia baridi. Kikidumu wiki mbili apimwe kifua kikuu, hata kama anasema kinamjia kila Julai. Na bibi aliyepika kwa kuni miaka 50 kwenye jiko lisilo na dirisha anaweza kuwa na mapafu yaliyoharibiwa na moshi. Huyo anahitaji matibabu ya maana na kukaa mbali na moshi, badala ya kuambiwa kila mwaka ajifunike vizuri.

Presha hupanda wakati wa baridi kwa kuwa mishipa hubana. Ipimwe mara nyingi zaidi, na dawa zisikatizwe.

Maji. "Baridi hii mzee hahitaji maji, mbona hasikii kiu?" Kiu hupungua na umri hata mwili unapokauka, na baridi yenyewe huongeza mkojo. Ila nikikaa na wazee wakaongea kwa uwazi, sababu huwa nyingine: wanakataa kunywa kwa sababu choo kiko nje, njia ina giza na nyasi zina umande. Wamefanya hesabu yao na ni ya busara. Ukitaka mzee anywe, mpe chai na uji wa ulezi mapema, vinywaji vingi viishe kabla ya jioni, kisha muwekee ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda na tochi chini ya mto. Kuanguka usiku na kuvunjika nyonga ndiko kunakowaondolea wengi uwezo wa kutembea.

"Amefanya kazi maisha yote, sasa apumzike." Inasikika kama heshima, lakini mzee asiyefanya lolote hupoa haraka kuliko wote, maana misuli inayosogea ndiyo inayotengeneza joto. Viungo vyenye maumivu pia hukakamaa zaidi vikilazwa. Bahati nzuri msimu wa baridi unagongana na mavuno. Mahindi yanahitaji kupukuchuliwa, maharage yanahitaji kuchambuliwa, na wakina bibi wa Iringa wanaojua kusuka vikapu vya milulu hawajasahau. Waketi juani kwa duara, kila mmoja na ungo wake, asiyeona vizuri apewe kazi ya vidole. Wakina babu wana bao. Hakuna anayelazimishwa, na anayetaka kusinzia juani asinzie.

La mwisho linaniuma kuliko yote: kwamba aliye makao ametupwa na watoto wake. Wapo waliotupwa. Lakini tukumbuke tuko wapi. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 ulikuta Njombe ndiyo yenye kiwango cha juu nchini, asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, na Iringa na Mbeya haziko mbali. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijasambaa, Makete iliwazika watu wa rika la uzazi kijiji baada ya kijiji, na bibi na babu wakabaki kulea yatima kwa jembe la mkono. Wajukuu wamekua, wameondoka kutafuta maisha, na mzee amebaki. Watoto wake wako makaburini. Kumwambia mtu huyo, au kumnong'ona pembeni, kwamba hana watoto wa kumjali ni kumchoma upya. Wengine wamekuja kwa hiari, kwa sababu pale kuna mtu wa kuongea naye na mlo wa moto. Makao yenyewe si jambo geni nchini: yapo ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, Funga Funga Morogoro na Kolandoto Shinyanga, na yapo yanayoendeshwa na taasisi za dini.

Makanisa, shule na vikundi vya akina mama hututembelea Krismasi, Pasaka na Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani. Tunashukuru sana. Ila Julai, mwezi mgumu kuliko yote, geti huwa kimya. Kama kikundi chenu kina safari moja kwa mwaka, ihamishieni huko. Sabuni na sukari huwa tunazo za Pasaka. Leteni soksi za sufu, kofia, tochi na betri zake, ndoo zenye vifuniko, na ulezi. Fikeni saa nne asubuhi, msaidie kutoa viti juani, na mkae mpaka mahindi ya siku hiyo yaishe kupukuchuliwa.