"Betri ya lithiamu" si jina la betri moja

Jumapili iliyopita jirani yangu hapa Katuba, Lubumbashi, alinijia na kamera aliyoifunga juu ya geti la parseli yake, yaani kiwanja chake, ile isiyo na waya ambayo huendelea kuona hata umeme unapokatika, na mkononi alikuwa na betri mbili fupi nene, kila moja imeandikwa CR123A, 3V. Alitaka nimwazime chaja. "Kaka, hizi ni lithiamu," akasema, "na lithiamu inachajiwa. Hata ya simu si ni lithiamu?" Maneno hayo nimeyasikia madukani na kwa mafundi mara nyingi mno, na yanaweza kuunguza nyumba.

Lithiamu ni metali, tena nyepesi kuliko metali nyingine zote, na betri ya lithiamu ni betri yoyote ambayo umeme wake unategemea metali hiyo. Jina linaishia hapo. Halisemi kama betri inachajiwa au haichajiwi. Katika betri za aina ya CR123A, na katika zile za volti 1.5 zenye umbo la betri ya kawaida ya tochi, lithiamu imo kama metali kamili, na kazi yake ikiisha imeisha. Ukiilazimisha kupokea chaji hupata joto, hujaa gesi, na inaweza kupasuka au kuwaka. Katika lithiamu-ioni, ambayo ndiyo ya simu, lithiamu husafiri kama ioni, yaani chembe ndogo mno yenye chaji ya umeme, kutoka ncha moja hadi nyingine betri inapotumika, kisha hurudi ilikotoka inapochajiwa.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba tofauti hii tulikuwa nayo mdomoni tangu zamani. Neno pile, jina letu la betri ndogo ya redio au tochi, tulilolipata kwa Kifaransa, maana yake ni rundo: mwaka 1800 Alessandro Volta alieleza jinsi alivyopanga visahani vya metali mbili, kimoja juu ya kingine, na katikati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, umeme ukatoka. Batterie, lililotupa batri, nalo lilikuwa neno la kijeshi, safu ya mizinga, na katika karne ya 18 Benjamin Franklin alilitumia kwa chupa za kuhifadhi umeme zilizounganishwa pamoja. Kadiri miaka ilivyopita, pile ikabaki kuwa ile inayotumika mara moja, na batri ikawa ya gari, inayopelekwa kuchajiwa. Wazee wetu walianika pile za redio juani ili zipate pumzi kidogo, lakini hakuna aliyezipeleka kwa mchaji wa batri. Ndipo likaja neno lithiamu, kutoka lithos, yaani jiwe kwa Kigiriki, kwa sababu Johan August Arfwedson aliigundua metali hiyo ndani ya jiwe mwaka 1817, nalo likazifunika zote mbili. Sisi Wakongo ambao mawe hayo yako kwetu Manono, na ambao kobalti ya Kolwezi imo ndani ya betri nyingi za lithiamu-ioni, tungepaswa kulitumia neno hili kwa uangalifu kuliko wengine.

Kwenye kamera kosa hili ni baya zaidi kwa sababu betri hizo hufanana kwa umbo. Ipo ya kuchaji iitwayo 16340, inayoingia mahali pa CR123A bila shida yoyote, lakini ni ya volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Kamera inayopanga mbili kwa mfuatano imetengenezwa kwa volti 6, nawe umeipa 8.4. Vivyo hivyo 14500, nayo ya kuchaji na ya volti 3.7, hukaa vizuri kabisa mahali pa betri ya volti 1.5. Kwa hiyo kutoshea si ushahidi wa kufaa. Soma volti, kisha soma kijitabu cha kamera.

Kama kamera yako inatumia 18650, betri nyingine ya lithiamu-ioni, tarakimu hizo ni vipimo tu, milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Nzuri kabisa hubeba takriban mAh 3500 (miliampia-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), hivyo ile iliyoandikwa 9900 inasema uongo kwenye ganda lake, na mtu aliyedanganya ujazo sioni kwa nini nimwamini kuhusu kinga ya ndani. Kwa kamera iliyo chini ya bati lenye jua kali, lithiamu-ioni ya aina ya fosfati ya chuma huvumilia joto vizuri zaidi, ila ni ya volti 3.2, kwa hiyo iwekwe tu pale mtengenezaji aliporuhusu.

Betri za jirani yangu hatukuzichaji. Tulizibandika utepe kwenye ncha na kuziweka kando, mbali na takataka, kwa kuwa takataka zetu huchomwa uani. Alimlaumu muuzaji, nami nikamwambia kwa upole kwamba muuzaji hakumdanganya: aliombwa lithiamu, akatoa lithiamu. Safari ijayo aombe ya volti ngapi, na aulize kama ni pile au ni ya kuchaji.