Majaribio ya kitabibu ni nini, na yanamhusu vipi mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana?

Jaribio la kitabibu ni utafiti unaofanywa kwa watu ili kujua kama dawa, upasuaji, kipimo au hata mazoezi ya mwili yanasaidia kweli, yanamsaidia nani, na kwa madhara gani. Swali lake, idadi ya watu wanaohitajika na namna ya kupima matokeo huandikwa kabla ya mshiriki wa kwanza kusajiliwa, ili mtafiti asije baadaye akachagua hesabu inayompendeza. Kiini chake ni kulinganisha. Kundi moja hupata kitu kipya, jingine hupata matibabu yaliyozoeleka, na yote mawili hufuatiliwa kwa muda uleule.

Kwa nini kulinganisha? Mchukue mgonjwa aliyepasuliwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akatolewa kipande cha utumbo chenye uvimbe. Akiwa nyumbani anapata nafuu, jamaa wanamletea chupa ya mitishamba kutoka River Road, Nairobi. Miaka mitano baadaye yu mzima, na mtaa mzima unasema chupa ile ndiyo iliyomponya. Lakini wapo wagonjwa wengi wa saratani hii, hasa iliyogunduliwa mapema, ambao upasuaji peke yake huwatosha. Huenda naye ni mmoja wao. Na waliokunywa dawa hiyohiyo wakafariki hawapo kutoa ushuhuda. Nasema hivi bila kumdharau yeyote, kwa sababu madaktari nao wamewahi kushika wazo zuri kabla halijapimwa.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliona kwamba saratani ya utumbo ilikuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaeneza wazo kwamba nyuzinyuzi ndizo zinazowakinga. Wazo hilo lina uzito mpaka leo. Hata hivyo, wanavijiji hao walitofautiana na wakazi wa London kwa mengi mengine: kazi za shamba, nyama kidogo, uzito wa mwili, umri, na kama kulikuwa na hospitali ya kuwapima. Mwaka 2000, majaribio mawili ya Marekani yalitoa matokeo. Katika moja, watu zaidi ya 2,000 waliowahi kutolewa polipu, yaani vijinyama vya ndani ya utumbo ambavyo baadhi yake hugeuka saratani, waligawanywa. Nusu walikula mboga, matunda na nyuzinyuzi kwa wingi na kupunguza mafuta, nusu wakaendelea na mlo wao. Baada ya miaka kama minne, polipu zilikuwa zimerudi kwa kiwango karibu sawa pande zote mbili. Jaribio la pili, la pumba za ngano, lilitoa jibu la namna hiyo. Hiyo haimaanishi sukuma na maharagwe hayana faida. Miaka minne ni michache kwa ugonjwa unaoweza kuchukua miaka kumi au zaidi kujijenga, na polipu si saratani yenyewe. Lakini mtu akikuuzia unga wa nyuzinyuzi Nairobi na kukuahidi kwamba utakukinga na kansa, sasa unajua ahadi hiyo imepita mbali kuliko ushahidi.

Nani aingie kundi gani huamuliwa kwa bahati nasibu, kwa kawaida na kompyuta. Jambo hili huwaudhi wagonjwa, na naelewa kwa nini: mtu aliye mahututi hataki maisha yake yapigiwe kura. Ila daktari akiachiwa achague, atawapa dawa mpya wale wenye nguvu, nao wangeishi muda mrefu zaidi hata bila dawa hiyo. Hofu nyingine ni kwamba utanyimwa matibabu upewe kidonge kitupu. Katika saratani, palipo na tiba inayojulikana kusaidia, kundi la kulinganishwa hupata tiba hiyo. Kidonge kitupu hutumika pasipo na tiba, au juu ya tiba ambayo kila mshiriki anapata.

Majaribio ya dawa hupitia awamu. Ya kwanza hutafuta kiasi salama cha dawa kwa watu wachache, ya pili huangalia kama kuna dalili ya kusaidia, na ya tatu hulinganisha kwa mamia au maelfu ya watu. Ya nne hufuatilia dawa ikiwa tayari sokoni. Kujua awamu kunakuepusha na habari za kuvimbishwa. Mwaka 2022 simu nyingi zilipokea ujumbe kwamba kansa imepata dawa. Ukweli wake ulikuwa hivi: katika hospitali moja ya New York, wagonjwa 12 wa saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, walipewa dawa iitwayo dostarlimabu, na uvimbe ukatoweka kwa wote 12. Ni matokeo ya ajabu, nami niliyafurahia. Lakini ilikuwa awamu ya pili, bila kundi la kulinganisha, na wote walikuwa na aina ya uvimbe wenye kasoro katika urekebishaji wa jeni, aina inayopatikana kwa sehemu ndogo tu ya wagonjwa wa puru. Mgonjwa anayesikia habari hiyo afanye jambo moja: aulize kama uvimbe wake umepimwa kasoro hiyo.

Jaribio linalonigusa kuliko hilo halikuleta dawa mpya hata moja. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa hatua ya tatu, ambaye saratani imefika kwenye tezi za limfu, alipewa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kwa miezi sita baada ya upasuaji. Mojawapo ya dawa hizo, oksaliplatini, hufisha ganzi vidole, na wengine hubaki na ganzi hiyo kwa miaka. Fundi cherehani asiyehisi sindano amepoteza kazi. Watafiti wa Ulaya, Marekani na Japani wakauliza: je, miezi mitatu haitoshi? Waliunganisha majaribio sita yenye wagonjwa zaidi ya 12,000, na mwaka 2018 wakachapisha jibu. Kwa wale ambao saratani yao haikuwa imeenea sana, miezi mitatu ya oksaliplatini pamoja na vidonge vya kapesitabini ilikaribia sana kulingana na sita, na ganzi ikapungua mno. Kwa familia inayochanga nauli kutoka Kitui kila mzunguko wa kemo, miezi mitatu iliyopunguzwa ni kitu kikubwa.

Upande wa kinga, majaribio huhitaji watu wengi na miaka mingi, kwani wengi wa washiriki hawataugua kamwe. Katika jaribio liitwalo CAPP2, watu wenye sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoongeza sana hatari ya saratani hii, walipewa aspirini au kidonge kitupu. Aspirini ilipunguza saratani ya utumbo, lakini faida ilionekana baada ya miaka kadhaa. Asiye na hali hiyo asianze kumeza aspirini kwa sababu ya habari hii, maana inaweza kusababisha kutokwa damu tumboni. Na mwaka 2025, jaribio la wagonjwa 889, wengi wao wa Kanada na Australia, lilionyesha kwamba mazoezi yenye msimamizi kwa miaka mitatu baada ya kemo yaliongeza uhai: baada ya miaka minane, takriban 90 kwa kila 100 walikuwa hai, dhidi ya 83 kwa waliopewa vijitabu vya ushauri tu.

Kanada, Japani, Ulaya. Waafrika ni wachache mno katika orodha hizi, na hilo lina gharama ya kimwili. Mwili huiondoa fluorourasili, dawa ya msingi ya kemo ya utumbo, kwa msaada wa jeni iitwayo DPYD. Kuna mabadiliko ya jeni hiyo yanayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, ambayo vipimo vingi vilivyobuniwa kwa kuwaangalia Wazungu huyaacha. Mwenye mabadiliko hayo anaweza kupata madhara makali kutokana na kiasi cha kawaida cha dawa hiyo. Ndiyo maana nataka majaribio yaje Nairobi, yakiwa na ulinzi wote.

Ulinzi huo upo kisheria. Jaribio la dawa hapa Kenya lazima lipitishwe na kamati ya maadili, kama ile ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Bodi ya Dawa na Sumu. Mshiriki hutia sahihi fomu ya idhini baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida. Ukialikwa, omba kwenda na fomu nyumbani. Uliza ni awamu gani, kundi la pili linapata nini, nani atalipia vipimo vya ziada, nikidhurika nani atanitibu, na kama dawa ikifaulu nitaendelea kuipata baada ya utafiti kwisha. Anayekutaka ulipie dawa ya majaribio, au anayekuharakisha utie sahihi leo leo, mwombe nambari ya kibali cha kamati na uipigie kamati yenyewe simu.