Kifua kilichojaa nishani kinasema nini?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba askari mwenye nishani nyingi kifuani ndiye aliyepigana vita vingi zaidi. Ni rahisi kuona imani hiyo ilikotoka: jina lenyewe la nishani linakumbusha ushujaa.

Lakini nishani hutolewa kwa sababu nyingi. Zipo za ushujaa, zipo za kushiriki operesheni fulani, na zipo za utumishi mrefu wenye tabia njema. Nyingine hutolewa kuadhimisha tukio la kitaifa, kama jubilei ya mtawala, hata kwa asiyewahi kufyatua risasi vitani. Hesabu nayo hupotosha. Katika jeshi la Marekani, anayetunukiwa nishani ileile mara ya pili kwa kawaida hapewi utepe wa pili, yaani kipande cha kitambaa cha rangi kinachowakilisha nishani kifuani. Huongezewa alama ndogo ya chuma juu ya utepe alionao. Kwa hiyo utepe mmoja unaweza kubeba mengi.

Kinachoeleza zaidi ni mpangilio. Kwa kawaida nishani huvaliwa kifua cha kushoto, yenye hadhi ya juu kabisa ikiwa karibu na katikati ya kifua. Uingereza na Australia, ukiziona upande wa kulia, huenda mvaaji ni ndugu anayemkumbuka marehemu.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta kanuni za mavazi za jeshi husika. Nchi kadhaa huziweka wazi kwa umma. Linganisha rangi za utepe na orodha rasmi, ukianzia katikati ya kifua. Kama unatazama picha, angalia pia isiwe imegeuzwa kulia kwenda kushoto: vifungo na maandishi vitakuonyesha.