Beatles baada ya 1970: tunayoyaamini na yaliyotokea

Mazungumzo kuhusu Beatles, kundi la muziki la Uingereza, huishia karibu kila mara palepale: "Walivunjika 1970, basi." Kana kwamba wale vijana wa Liverpool, ambao mwezi Aprili mwaka huo hakuna hata mmoja aliyekuwa ametimiza miaka 30, walizimika siku hiyo kama taa. Nimewasikiliza miaka mingi, na sehemu ya maisha yao ninayoipenda kuliko zote ni hiyo iliyofuata. Ndiyo pia iliyozuliwa mengi.

Dhana: Paul McCartney ndiye aliyelivunja kundi

Aliyetangaza ni Paul, tarehe 10 Aprili 1970, wakati anatoa albamu yake ya kwanza peke yake. Lakini John Lennon alishawaambia wenzake tangu Septemba 1969 kwamba anaondoka, akaombwa anyamaze kwa kuwa mkataba wa santuri ulikuwa bado unajadiliwa. Kabla yake, Ringo Starr alikwishabeba virago Agosti 1968. Aliporudi studio alikuta dramu zake zimepambwa maua. George Harrison naye aliondoka kwa siku kadhaa Januari 1969. Kwa hiyo anayelaumiwa kwa kuondoka ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka.

Na hawakuachana siku moja. Paul alifungua kesi London tarehe 31 Desemba 1970 dhidi ya wenzake watatu, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumkwepa meneja Allen Klein, ambaye wao walimtaka na yeye hakumwamini hata kidogo. Sahihi ya mwisho ya kuvunja ubia ilikuwa ya John. Aliiweka Desemba 1974, akiwa hotelini ndani ya Disney World, Florida, katika mapumziko.

Dhana: Bila kundi, waliofanikiwa ni Lennon na McCartney tu

Hii huniuma, kwa sababu inamfuta George. Kwenye kundi alikuwa anabanwa: albamu nzima, yeye anaachiwa nyimbo moja au mbili, mara chache zaidi. Nyimbo zikamlundikia. Mlango ulipofunguka, Novemba 1970, alitoa albamu ya santuri tatu kwa mpigo, na wimbo wake ukawa wa kwanza wa mwanachama yeyote wa zamani wa Beatles kushika namba moja kwenye chati za Marekani na Uingereza. Wimbo huohuo ulimpeleka mahakamani, na mwaka 1976 jaji alisema ameiga wimbo wa watu wengine bila mwenyewe kutambua. Agosti 1971 aliandaa tamasha New York kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh, miaka mingi kabla matamasha ya hisani hayajawa jambo la kawaida. Halafu, mwaka 1978, wachekeshaji wa Monty Python walipokimbiwa na mfadhili wa filamu yao, George aliweka nyumba yake rehani ili filamu itengenezwe. Kisa chenyewe? Alitaka kuiona.

Ringo ambaye wengi humchukulia kama msindikizaji alipata namba moja mbili Marekani, moja mwishoni mwa 1973 na nyingine mwanzoni mwa 1974. Baadaye watoto wa Uingereza wakamjua kwa sauti tu, kama msimuliaji wa hadithi za treni Thomas kwenye televisheni. Na wa mwisho kati ya wanne kufika namba moja Marekani alikuwa John, mwishoni mwa 1974.

Dhana: Paul alikaa akila matunda ya jina

Alianza upya kabisa. Mwaka 1972 aliipakia bendi yake mpya, Wings, kwenye gari, akawa anabisha hodi vyuo vikuu vya Uingereza bila miadi, kiingilio senti 50 za pauni. Mwaka uliofuata akaamua kurekodi Lagos, na wanamuziki wawili wakajitoa safari ikiwa imekaribia. Akaenda na mkewe Linda na mpiga gitaa Denny Laine tu. Usiku mmoja Paul na Linda, wakiwa wanatembea kwa miguu, walizingirwa na majambazi wenye visu waliochukua kanda za majaribio na maneno ya nyimbo. Mwanamuziki wa Nigeria Fela Kuti akamtuhumu kwamba amekuja kuiba muziki wa Afrika, hadi Paul alipomsikilizisha alichokuwa anarekodi. Dramu zikapigwa na Paul mwenyewe. Kutoka kwenye taabu hiyo ikazaliwa albamu yake inayosifiwa kuliko zote baada ya Beatles.

Dhana: Walikufa maadui

Walitukanana kweli. John alitoa wimbo mkali wa kumponda Paul mwaka 1971, na gitaa humo lilipigwa na George. Lakini mwaka 1973 wote wanne walichangia albamu moja ya Ringo, na Aprili 1976 Paul alikuwa sebuleni kwa John, New York, wakitazama televisheni pamoja kama jamaa wawili wa kawaida. John alipouawa Desemba 1980, alikuwa ameacha kanda za nyumbani. Wimbo wa mwisho uliotokana nazo ulitoka 2023, ukiwa na gitaa la George la 1995, naye George alifariki 2001. Ulishika namba moja Uingereza.

Dhana: Pete Best aliishia pabaya

Huyu ndiye mpiga dramu aliyefukuzwa Agosti 1962, muda mfupi kabla ya umaarufu. Maumivu yalikuwa makubwa, hilo si uongo. Lakini alipata kazi ya kupakia mikate kwenye magari, kisha akafanya kazi miaka 20 katika ofisi ya serikali ya ajira, akilea familia. Mwaka 1995 rekodi za zamani alizopiga zikatolewa rasmi, na malipo yakamfikia. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya kundi la awali. Sehemu ya kichwa chake ilikuwa imechanwa, pakaonekana uso wa Ringo. Mwaka 2008 bendi yake ikatoa albamu yao wenyewe, na jaladani wakaweka kile kipande kilichochanwa.